Tafakari ya leo: Unafuturu kwa jua la wapi?

Ndugu zangu wa Kigoma,

Adhana ya magharibi inayosikika kwenye TV na redio za Dar es Salaam ni ya jua la Dar. Huku kwetu jua huzama dakika 35 hadi 40 baadaye. Utamkuta mtu ameshatia tende mdomoni, na jua bado analiona juu ya ziwa! Qur'ani (2:187) inatuamrisha tutimize saumu mpaka usiku, na usiku ni wa pale ulipo.

Daku haina shida, utaacha kula mapema tu. Lakini aliyefuturu hivyo, wanavyuoni wengi wanasema ailipe siku hiyo.

Programu za adhana nazo ni vilevile. Leo kabla ya magharibi, chukua simu ya bibi hapo nyumbani, angalia imewekwa mji gani.