Kunyoosha na Kushikilia

Siku hizi hata hapa Sumbawanga twawaona vijana wachache warudio kutoka Dar es Salaam wakiwa na nyaya menoni. Baada ya miaka miwili hivi nyaya huondolewa, na mganga wa meno humpa kijana kibao chembamba cha kuvaa kinywani usiku ili kiyashikilie meno yaliyonyooshwa. Hapo manung'uniko huanza nyumbani. Kama meno yamepona, mbona yafungwe tena? Na kama hayajapona, fedha zile zote zilikwenda wapi?

Swali hili si la kitoto, maana ndani yake mna jingine zito zaidi: je, kitu kinachohitaji kushikiliwa kila usiku chaweza kuitwa kimenyooka? Wako wasemao kwamba asili ya kitu ni kule kinakorudi kikiachwa, na kwamba unyofu wa kushikiliwa ni wa kuazima tu. Sisi hatukubaliani nao.

Tazameni jino lilivyo. Halikupigiliwa tayani kama msumari ubaoni, bali hushikwa na nyuzinyuzi nyingi. Likisukumwa polepole, mfupa huyeyuka mbele yake na kujengwa nyuma yake. Mfupa huo mpya huchukua miezi kukomaa, na nyuzi za ufizi zaweza kulivuta jino lirudi hata baada ya hapo. Tena meno ya mbele ya chini husongamana kadiri mtu azeekavyo, hata ya yule asiyewahi kufungwa waya. Mwaka 1981 mabingwa wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walitoa habari za watu 65 walionyooshwa meno, ambao walikuwa wamekaa miaka kumi au zaidi bila vishikizo. Yapata theluthi mbili, meno yao ya chini yalikuwa yamepinda tena kwa kiasi kisichoridhisha. Basi kinywa hakina mahali pa asili kinapotulia. Kiko safarini siku zote.

Lakini meno ni shauri la wachache. Jambo linalotuhusu zaidi huku Ufipa ni miguu kifundo, yaani mtoto kuzaliwa nyayo zimegeukia ndani. Hupata kama mtoto mmoja katika kila elfu. Dakta Ignacio Ponseti, aliyefanya kazi Iowa, Marekani, alionyesha kwamba haihitaji upasuaji mkubwa: mguu hunyooshwa kwa mikono na kufungwa plasta, plasta ikabadilishwa kila juma, mara tano au saba hivi, na mara nyingi mshipa wa kisigino hukatwa kidogo. Kisha mtoto huvishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku na wakati wa kulala mchana mpaka atimize miaka minne au zaidi. Michiel Steenbeek alibuni viatu vya namna hiyo huko Uganda, vya ngozi, ubao na chuma, ili fundi wa kawaida aweze kuvitengeneza.

Majuma ya plasta watu huyavumilia. Miaka minne ya usiku ndiyo inayowashinda, na viatu visipovaliwa mguu kwa kawaida hurudi ulikotoka. Sisi walimu tulizoea kusema, samaki mkunje angali mbichi. Methali ni ya kweli, ila haisemi lolote juu ya usiku wa pili, wala wa mia tano.

Mama amwonaye mtoto akilia gizani, akamfungua kamba, hafanyi hivyo kwa uovu. Humfungua kwa upendo, na mguu ulio mbele yake ni mzuri kabisa. Tatizo ni kwamba machozi ya leo yanasikika, lakini kilema cha kesho hakina sauti. Kwa hiyo twaona ni wajibu kutofungua. Ila neno "uzembe", ambalo watu hulitamka upesi mno, twalikataa. Mama atokaye bonde la Rukwa wakati wa masika, akipanda mlima na mtoto mgongoni kufuata viatu vikubwa zaidi kwa kuwa vya zamani vimembana, anadaiwa na nani? Baba yuko wapi? Na jirani mwenye nauli? Mkulima wa matuta yetu ya Ufipa hufukia nyasi mwisho wa mvua na kurudi kuyavunja msimu ufuatao, na hakuna amwambiaye kwamba angelima vizuri mara ya kwanza asingerudi. Tena kazi hiyo haachiwi mtu mmoja.

Kuna tofauti moja kati ya meno na miguu. Kijana wa kibao hujilinda mwenyewe. Akikiacha sandukuni, hasara ni yake. Mtoto wa viatu hulindwa na wengine, wala hakuulizwa. Lakini akifika miaka mitatu vidole vyake hujua kufungua kamba. Usiku huo kukaza fundo zaidi hakutoshi. Yafaa mtu aketi kitandani kwake, amwonyeshe nyayo zake, na kumweleza zilikuwaje alipozaliwa.