Saratani, Dhambi na Deni Letu kwa Jirani

Saratani inapoingia katika nyumba, swali la kwanza mara nyingi si la kidaktari. Watu huuliza: kuna nini katika ukoo huu? Mmoja atataja kurogwa, mwingine laana ya mababu. Wa tatu atanong'ona kwamba mgonjwa ana jambo ambalo hajalitubu, na wa nne atasema imani yake ni haba, ndiyo maana maombi hayajibiwi. Maswali haya hutufikia sisi wachungaji kabla hata hatujakaribishwa kiti. Wanafunzi wetu wa chuo cha theolojia nao huyaleta darasani wanaporudi kutoka mazoezi ya usharikani, na wanataka jibu wanaloweza kwenda nalo kitandani kwa mgonjwa.

Jibu la Bwana wetu limo katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, wakataka kujua dhambi ni ya nani, yake au ya wazazi wake. Yesu alikataa yote mawili. Katika Luka 13 alikataa tena, alipozungumzia watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Na mwishoni mwa kitabu cha Ayubu, Mungu anawakasirikia marafiki waliodhani wanamtetea Yeye kwa kumshitaki mgonjwa. Katika jambo hili Maandiko hayana kigugumizi. Tunalotaka kulieleza hapa ni kwamba mambo yaliyogunduliwa kuhusu saratani katika miaka 70 hivi iliyopita yanakubaliana na kukataa huko kwa Yesu, na tena yanaligeuza swali lenyewe. Haliulizi tena mgonjwa alifanya nini. Linatuuliza sisi majirani zake tutafanya nini.

Tuchukue mfano ulioanzia hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt aliombwa amtazame mtoto wa kiume aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Burkitt alikuwa mzaliwa wa Ireland, mtu mwenye jicho moja tu tangu utotoni, na Mkristo mcha Mungu. Hakuwahi kuona uvimbe wa namna hiyo. Muda mfupi baadaye, alipokuwa Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye hali kama ile. Alianza kupekua majalada ya wagonjwa, na mwaka 1958 alichapisha maelezo ya ugonjwa ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt, saratani ya tezi inayowashika watoto zaidi.

Mwaka 1961 alifunga safari ya gari pamoja na madaktari wenzake wawili wa misheni, kutoka Kampala kuelekea kusini, wakapita Tanganyika hadi Afrika Kusini. Walikwenda kilomita 16,000 hivi kwa wiki 10, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuonyesha picha za watoto wale: je, mmewahi kuona kitu kama hiki? Majibu yalichora ramani. Ugonjwa ulikuwapo kwenye joto na mvua, ukakosekana kwenye nyanda za juu zenye baridi. Ilikuwa karibu ramani ile ile ya malaria.

Vinyama vya uvimbe vilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein na wenzake waligundua ndani yake virusi ambavyo sasa vinaitwa Epstein-Barr. Baadaye ilijulikana kwamba watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanavyo virusi hivi, na wengi wao hawajui wala hawadhuriki. Hatimaye, mwaka 1982, watafiti walionyesha kinachoharibika ndani ya seli yenyewe. Kila seli ina maagizo ya kazi yake, yaliyoandikwa katika jeni, na jeni zimepangwa katika kromosomu. Katika limfoma ya Burkitt kipande cha kromosomu ya 8 hukatika na kujiunga mahali pasipo pake, mara nyingi kwenye kromosomu ya 14. Katika kipande hicho kuna jeni iitwayo MYC, ambayo huiamuru seli ikue na kugawanyika. Pale ilipohamia, inakaa jirani na sehemu ya jeni inayotengeneza kinga za mwili, sehemu ambayo katika seli za namna hii haipumziki. Basi amri ya kugawanyika haizimwi tena. Malaria ya mara kwa mara huzilazimisha seli za kinga kuongezeka kwa wingi, na kila zinapoongezeka nafasi ya kosa kama hilo nayo huongezeka.

Msomaji na atazame sasa orodha ya visababishi: mbu, kirusi ambacho karibu kila mtu anacho, na kukatika kwa uzi mdogo usioonekana kwa macho. Mtoto wa miaka 6 hana alichotenda hapo. Mama yake hana alichotenda. Bibi mzaa baba, anayetazamwa vibaya na ukoo mzima, hana alichotenda. Anayesimama kwenye jeneza la mtoto huyo na kudokeza laana anamshuhudia jirani yake uongo, na hilo lina amri yake.

Kuna watakaopinga, na wana haki ya kusikilizwa. Je, hakuna saratani zinazoletwa na mwenendo? Zipo. Uhusiano wa sigara na saratani ya mapafu umethibitishwa tangu miaka ya 1950, na pombe nayo imo katika orodha. Kanisa linalofundisha kiasi linafanya kazi ya afya. Lakini tuwe waangalifu tunapotoka kwenye onyo na kuingia kwenye hukumu. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na virusi vya papiloma, kama Harald zur Hausen wa Ujerumani alivyoonyesha katika miaka ya 1980, kazi iliyompatia tuzo ya Nobel mwaka 2008. Virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, na kwa sababu hiyo wanawake wengi wamebeba aibu juu ya ugonjwa. Ukweli ni kwamba virusi hivyo vimeenea mno hata watu wengi walioolewa au kuoa huvipata wakati fulani, na mke asiyemjua mwanamume mwingine ila mumewe anaweza kuugua. Hakuna daktari awezaye kusoma uaminifu wa mtu katika kinyama cha kupima, wala mchungaji hawezi. Chanjo ipo, na Tanzania ilianza kuwapa wasichana nchi nzima mwaka 2018. Mzazi anayeogopa kwamba chanjo itamfungulia binti yake njia ya uasherati ahukumu mwenyewe kama saratani ndiyo mlinzi anayemtaka kwa binti huyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kama kosa la seli linatokea tu, bila mtu wa kulaumiwa, Mungu yuko wapi? Hatuwezi kulimaliza swali hili kwa kurasa chache. Tunaweza kusema hivi: uwezo wa seli kugawanyika, ambao wakati mwingine huzaa saratani, ndio uwezo uliotukuza tumboni mwa mama zetu na unaofunga kidonda cha jembe mguuni. Miili yetu ni ya mavumbi na huharibika. Paulo anawaandikia Warumi kwamba viumbe vyote vinaugua pamoja vikingoja ukombozi, na chumba cha wagonjwa wa saratani ni sehemu ya kuugua huko. Na Mungu tunayemhubiri hakuyatazama mateso kwa mbali. Alikufa msalabani, huku waliosimama pale wakidhani ameachwa kwa sababu ya makosa yake.

Lakini elimu haikuishia kwenye chanzo. Katika miaka ya 1960 Burkitt na wenzake waliona ajabu: dawa za kuua seli za saratani, ambazo mahali pengine zilisaidia kidogo tu, ziliyeyusha uvimbe wa watoto hawa kwa siku chache, na baadhi yao walipona kabisa. Moja ya dawa hizo, saiklofosfamaidi, ni ya zamani na si ya bei kubwa ukiilinganisha na dawa mpya. Leo, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona. Katika nchi nyingi maskini na za kipato cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Jeni ni zile zile na virusi ni vile vile. Kilicho tofauti ni umbali wa hospitali, nauli, kuchelewa kutambua ugonjwa, na kuacha dawa kabla ya kumaliza.

Hapa ndipo maneno "ni mapenzi ya Mungu" yanapotaka kupimwa kabla ya kutamkwa kaburini. Yapo magonjwa ambayo binadamu amefika mwisho wa uwezo wake, na huko maneno hayo yanaweza kuwa imani ya kweli. Lakini mtoto aliyekufa kwa kukosa nauli ya kutoka kijijini hadi Bugando au Muhimbili hatuwezi kumwekea Mungu sahihi yetu. Martin Luther, tauni ilipokuwa Wittenberg mwaka 1527, aliandika kwamba anayekataa dawa alizoziumba Mungu anamjaribu Mungu, na kwamba anayemwacha jirani bila msaada anahesabiwa muuaji. Maelezo yake ya Amri ya Tano katika Katekisimu Ndogo, ambayo kila mtoto wa kipaimara huyakariri, hayaridhiki na kutoua. Yanamdai Mkristo kumsaidia jirani katika mahitaji ya mwili wake.

Hatusemi kwamba kila dawa iliyogunduliwa ni deni la usharika. Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha tiba inayochukua seli za kinga za mgonjwa mwenyewe, kuzibadilisha jeni na kumrudishia zipigane na saratani ya damu. Bei yake ilitangazwa kuwa dola 475,000. Hiyo ni hoja ya serikali, viwanda na mataifa, na kanisa lina sauti ya kutoa huko. Deni la usharika liko karibu zaidi.

Uvimbe wa Burkitt unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Familia inayoomba mchungaji aje kwanza kwa maombi ya kufunga siku 7 inaomba siku ambazo mtoto hana. Mchungaji aombe, aweke mikono, apake mafuta, na gari la kwenda hospitali liwe linangoja nje. Afadhali tuombe njiani. Na uvimbe ukinywea baada ya dozi ya kwanza, ambavyo hutokea haraka, asisimamishwe madhabahuni kutoa ushuhuda kwamba amepona na hahitaji kurudi. Ashukuru, kisha arudi amalize dozi. Mzee wa kanisa aandike tarehe ya kliniki kama anavyoandika tarehe ya vikao. Diakonia ichangie nauli, na akina mama wa usharika wa mjini watafute mahali pa kulala mama yule mgeni kwa miezi ya matibabu.

Na wale ambao dawa haitawaponya, tusiwaendee na swali la marafiki wa Ayubu. Hospitali zetu za Kilutheri, Selian ya Arusha ikiwa mojawapo, zimefanya tiba shufaa kwa miaka mingi: kupunguza maumivu, kumtembelea mgonjwa nyumbani, kukaa naye. Morfini inayompa mgonjwa usingizi wa usiku mmoja ni zawadi ya Mungu kama ilivyo dawa inayoponya.

Mwanafunzi anayekwenda usharikani akiulizwa nani aliyekosa, ajibu kama Bwana alivyojibu. Kisha aulize kliniki ni lini, na nani atampeleka.