Viatu Mlangoni (Tafakuri ya Ramadhani, Siku ya 24)



Kumi la mwisho ndiyo hilo linatuponyoka. Najua wengine mnasoma ujumbe huu mkiwa soko la Mwanga mnabishana bei ya nguo za watoto, na wengine mko Kibirizi mnageuza dagaa juani. Nipeni dakika chache tu. Leo nazungumzia jambo ambalo wengi tunaliona dogo: nguo na viatu vya wanawake. Nazungumza na akina mama wenzangu, lakini akina baba msifunge simu. Yapo yenu humu.

Naanza na kosa langu mwenyewe.

Ramadhani iliyopita, usiku mmoja wa kumi la mwisho, tulikuwa tunaingia upande wa wanawake kwa ajili ya Isha na tarawehe. Akaja binti mmoja, kavaa abaya nyeusi iliyonakshiwa mikononi, na chini viatu vya mchuchumio. Alipopita kwenye sakafu ya varanda vikawa vinalia ko-ko-ko, kila mtu akageuka. Mimi nilikuwa mlangoni. Nikamwambia, na sikupunguza sauti: "Mwanangu, hapa msikitini, sio harusini."

Akasema, "Samahani mama." Akavua viatu, akaviweka pembeni, akaingia, akaswali. Kesho yake hakuja. Keshokutwa hakuja. Mpaka Idd inafika sikumuona.

Usiku huohuo alikuja pia mama mmoja anayefanya kazi ya dagaa. Nyie mnajua, mwezi ukikonda usiku unakuwa giza, na giza ndiyo mavuno ya dagaa, maana wanafuata taa vizuri. Kwa hiyo kumi la mwisho, wakati sisi tunatafuta Lailatul Qadri, wenzetu wa mwaloni ndiyo wamezidiwa na kazi. Alikuja moja kwa moja kutoka huko, na ndala zake zimekatika kamba akazifunga kwa waya, kitenge chake kina harufu ya samaki na doa la mawese. Huyu hakuna aliyemwambia neno. Tulisogea tu. Kidogo huku, kidogo kule, mpaka pakawa na nafasi ya mtu mzima kila upande wake. Na sisi wote tunajua imamu anavyotuambia tusiache nafasi kwenye safu.

Yule wa mchuchumio tulimuona amezidi, na huyu wa ndala tukamuona amepungua. Sasa nikuulize wewe unayesoma: ni nguo gani hasa tulikuwa tunaitaka? Ukichunguza utaona tuliitaka nguo inayofanana na yetu.

Usiku ule wenzangu walinisifu. "Umesema kweli mama, hawa watoto wamezidi." Nikarudi nyumbani nimejaa, najiona nimekataza maovu. Binti yangu, ambaye alikuwa nyuma yangu pale mlangoni, akaniuliza tukiwa tunaandaa daku: "Mama, ulimwambia kwa ajili ya Mungu au kwa ajili yetu tuliokuwa tunasikiliza?" Nikamkemea. Nikamwambia asinifundishe dini. Lakini swali lile sikulala nalo.

Tuangalie dini yetu inasemaje, maana hapa tunachanganya mambo mawili.

La kwanza ni mipaka. Mipaka ipo, na sitaki mtu asome ujumbe huu akaondoka na wazo kwamba kila mtu avae atakavyo. Katika Suratun Nur Mwenyezi Mungu anawaamrisha waumini wanawake kujisitiri, mpaka anawakataza kupiga miguu chini ili pambo lililofichwa lijulikane. Angalia vizuri hapo. Hata hatua ya mguu imetajwa. Lakini angalia na mpangilio wa sura yenyewe: kabla ya aya ya wanawake imetangulia aya inayowaamrisha wanaume wainamishe macho yao. Baba, wewe uliyeanza kutikisa kichwa kwa kukubaliana na mimi, kazi yako imetajwa kwanza.

La pili ni uwanja ulio ndani ya mipaka, na uwanja huo ni mpana. Rangi, kitambaa, mshono, kitenge cha kutoka Kongo au abaya ya Dubai, makubazi au raba au kiatu chenye kisigino. Katika Suratul A'raf Mwenyezi Mungu anatutaka tuchukue mapambo yetu kila tunapokwenda kuswali, anatukataza israfu, kisha anauliza ni nani aliyeharamisha pambo alilowatolea waja wake. Na sura hiyohiyo, baada ya kutukumbusha neema ya mavazi, inatuambia vazi la uchamungu ndilo bora. Kwa hiyo mwanamke kupenda kiatu kizuri sio dhambi. Ni umbile. Mungu aliyetupa macho ndiye aliyelipaka ziwa letu rangi zile jua linapozama upande wa milima ya Kongo.

Kuna hadithi katika Sahih Muslim, kutoka kwa Ibn Mas'ud, ambayo nadhani imewekwa kwa ajili yangu. Mtume (S.A.W.) alisema haingii peponi mwenye chembe ya kibri moyoni. Mtu mmoja akaingiwa na wasiwasi, akauliza habari ya mtu anayependa nguo yake iwe nzuri na kiatu chake kiwe kizuri. Ndiyo, kiatu kimetajwa! Mtume akamjibu kwamba Mwenyezi Mungu ni mzuri na anapenda uzuri, na akaeleza kibri ni nini: kuikataa haki, na kudharau watu.

Mambo mawili hayo. Nikajipima. Kudharau watu nilikufanya mlangoni. Kuikataa haki nilikufanya jikoni, binti yangu aliponiambia ukweli nikamkemea. Yule binti viatu vyake alivivua akaviacha nje. Mimi kibri changu niliingia nacho mpaka kwenye sijda.

Utasema, "Basi tukae kimya tu, mtu asiambiwe?" Hapana. Kelele za visigino wakati watu wanaswali ni usumbufu, na mtu akivuka mpaka anastahili nasaha. Lakini nasaha ina adabu yake. Ningeweza kumsubiri baada ya swala, nikamshika mkono, nikamuuliza jina lake na kwao wapi, kisha nikasema nilicho nacho. Tena pengine baada ya kumjua ningekuta sina la kusema. Ukimwambia mtu mbele za watu, nusu ya maneno yako anasikia yeye na nusu ni kwa ajili ya wasikilizaji. Ile nusu ya wasikilizaji ndiyo inayomfukuza.

Wazee wetu watakumbuka Operesheni Vijana. Oktoba 1968 vijana wa TANU walitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 1969, Dar es Salaam, sketi fupi, mawigi, suruali za kubana na mafuta ya kujichubua ni marufuku. Huko Kariakoo wanawake wakavamiwa na kuzomewa mitaani kwa sababu ya nguo. Waliovamia walisema wanalinda heshima ya taifa. Lakini heshima gani inalindwa kwa kumdhalilisha mama wa mtu barabarani? Ukitumia aibu kama fimbo, unaweza kubadilisha nguo ya mtu wiki hiyo. Moyo wake hujaugusa, na wako umeuharibu.

Na sisi watu wa Ujiji tunapaswa kuwa wa mwisho kumpima mtu kwa miguu yake. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara kutoka Bagamoyo. Miembe ile mikubwa ni mashahidi. Vitambaa vya merikani na kaniki vilifika hapa mabegani mwa watu, vikatumika kama fedha, na watu nao wakauzwa. Kule Zanzibar mtumwa hakuruhusiwa kuvaa viatu wala kufunika kichwa mbele ya waungwana. Miguu mitupu ilikuwa alama yake. Utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, wanawake waliokuwa watumwa wakaitupa kaniki, wakajifunga kanga za rangi, wakajitanda vichwa. Huku bara sheria ya kuufuta ikaja 1922. Kwa hiyo, mwenzangu, kwa wengi wa bibi zetu kuvaa kiatu na kujitanda ushungi kulikuwa ni kusema: na mimi ni mtu. Usione ajabu wajukuu wao kupenda kupendeza.

Halafu mkumbuke Bilal (R.A.), aliyekuwa mtumwa Makka. Katika Bukhari na Muslim imepokewa kwamba Mtume alimuuliza ni amali gani anayoitegemea zaidi, kwa sababu alisikia mlio wa viatu vyake mbele yake peponi. Akajibu kwamba kila anapotawadha, usiku au mchana, huswali kwa udhu huo kadiri alivyojaaliwa. Mlio wa viatu! Mimi nilisikia mlio wa viatu mlangoni mwa msikiti nikafikiria harusi tu.

Sasa tugeukie upande wa mvaaji, maana na yeye ana hesabu yake. Mtume ametuonya kuhusu vazi la kutafuta umaarufu, na wanazuoni wanasema linaweza kuwa la kifahari na linaweza kuwa la kujidhilisha. Yupo anayevaa abaya ya bei kubwa ili tumuone, na yupo anayevaa juba lililochakaa, na hali uwezo anao, ili tuseme "mashaallah, huyu dunia ameitupa." Wote wawili wanatuvalia sisi.

Na Idd hii inakuja. Jiulize kabla ya kwenda kwa fundi. Ile sare mnayotaka kushona mashoga kumi, yule wa kumi anaiweza? Au ataenda kukopa kikoba, aje alipe miezi mitatu kwa furaha ya siku moja? Kile kiatu, ungekinunua kama hakuna ambaye angekiona? Kama jibu ni ndiyo, kwa kuwa unakipenda na fedha unayo, nunua, umshukuru Mola wako, na ukivae kwa raha. Kama jibu ni hapana, kiatu hakina kosa. Kaa kwanza uzungumze na nafsi yako. Na wewe baba unayesema "wanawake na nguo bwana," je, kanzu yako mpya na saa ya mkononi umemnunulia nani?

Nimalizie habari ya yule binti. Mfungo mosi niliulizia mpaka nikafika kwao. Akanikaribisha, "Shikamoo mama," akanitengea chai. Tukazungumza habari za nyumbani na kupanda kwa bei ya mafuta. Nilipokuwa natoka nikamwambia, "Mwanangu, nisamehe kwa yale ya mlangoni." Akainama, akasema, "Nilishasamehe mama, zamani." Sikumuuliza kwa nini alivaa vile viatu. Haikuwa haki yangu kujua. Lakini ndugu zangu, msikitini hajarudi mpaka leo. Kunisamehe amenisamehe, ila ule mlango nimeshaufanya mzito kwake. Naomba dua zenu ili Mungu aufanye mwepesi tena, na naomba kwamba akirudi, kwa kiatu chochote, akute nimemwekea nafasi pembeni yangu.

Kwa wale wa mwaloni kuna jambo dogo tunaloweza kufanya. Umm Atiyya (R.A.) amesimulia kwamba wanawake waliamrishwa watoke kwenda kwenye Idd, wakauliza, mmoja wetu akiwa hana vazi la kujitanda afanyeje? Mtume akasema mwenzake ampe katika lake. Hakusema abaki nyumbani mpaka apate. Basi kuanzia usiku wa leo kutakuwa na mfuko upande wa wanawake, karibu na kabati la misahafu. Lete kanga safi, hata moja. Mama anayetoka kuanika dagaa ajitande, aswali, airudishe. Na akisimama kwenye safu, tusogee. Safari hii tusogee kumkaribia.

Maswali ya kutembea nayo leo:

1. Nguo niliyovaa sasa hivi, nimemvalia nani?
2. Ni nani niliyemfanya aone msikiti sio wake, kwa ulimi wangu au kwa kusogea kwangu?
3. Kabatini mwangu kuna kipi ambacho mwenzangu anakihitaji siku ya Idd?

Ewe Mola, tusitiri miili yetu na aibu zetu, tuvishe vazi la uchamungu, utuondolee chembe ya kibri hata kama imejificha ndani ya nasaha zetu. Wakubalie funga zao wanaokesha ziwani na wanaoshinda juani, na utukutanishe sote na usiku ule wa cheo. Aamin.

Ni mimi mama yenu, mlezi wa darasa la akina mama. Ukiona ujumbe una faida, mpelekee na mwenzio. Futari njema.