Shahada ya Mtu Mzima na Mzigo wa Wenzake

Wazee wetu husema, Samaki mkunje angali mbichi. Maana yake twaijua: mafundisho ni ya utotoni, na aliyekwisha kukauka hakunjiki tena. Lakini siku hizi twaona watu wazima wengi, wake kwa waume, wenye kazi na nyumba na watoto, wakishika tena kalamu na daftari. Mwalimu mkuu wa shule, mwuguzi wa zahanati, mtendaji wa kata, katibu wa chama cha ushirika: mchana yu kazini, usiku yu kitabuni. Tena wengi wao hujifunza elimu ya uongozi, yaani namna ya kuongoza watu na kutunza kazi na mali ya wengi. Je, jambo hili ni jema? Na kama ni jema, lina deni gani ndani yake? Yafaa tulitafakari pamoja.

Kwanza tuone jinsi mlango huu ulivyofunguliwa. Zamani mtu wa Mpanda aliyetaka shahada hakuwa na budi kuwaaga watu wake. Vyuo vikuu vilikuwa mbali sana na mji huu, ambapo reli itokayo Kaliua yaishia. Ama aliacha kazi yake kwa miaka mitatu au zaidi, ama aliiacha tamaa ya shahada. Mwaka 1992 Bunge lilitunga sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, na mwaka 1994 chuo kikapokea wanafunzi wake wa kwanza. Chuo hiki hakimwiti mwanafunzi ahame. Masomo humfuata alipo, mwanzo kwa vitabu na barua, na sasa kwa intaneti pia. Mwenye nafasi ndogo husoma kidogo kidogo, wala haachi mshahara wake. Mkoa wa Katavi, uliotengwa na Rukwa mwaka 2012, nao una kituo cha chuo hicho. Tena mwaka 2016 Bwana Mizengo Pinda, mzaliwa wa nchi hiyo hiyo, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu 2008 hata 2015, aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo.

Wako wasemao, Uongozi haufundishwi kitabuni. Nao wana ushahidi. Vita ilipoanza mwaka 1939, wamisionari wengi Wajerumani walikamatwa na Serikali ya Kiingereza, na sharika nyingi zikabaki mikononi mwa wachungaji, walimu na wazee Waafrika. Watu hao walijifunza kuongoza kwa kuongoza. Na huku Katavi, watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipelekwa Katumba penye pori. Walipata msaada, lakini kufyeka pori na kupatanisha majirani wasiojuana ilikuwa kazi yao wenyewe. Hawakungoja shahada.

Ushahidi huo ni wa kweli, lakini hauikatai elimu. Kazi humfundisha mtu yale yaliyompata yeye. Ni vigumu imfundishe yale yaliyowapata wengine mahali pengine. Katibu wa chama cha wakulima wa tumbaku aweza kutumika miaka kumi kwa uaminifu, asijue kuisoma vema hesabu ya mkopo wa mbolea, wala kuwaeleza wanachama kwa nini malipo yao yamepungua. Hakuiba kitu. Lakini hasara ya kutojua kwake hailipwi naye. Hulipwa na mkulima. Basi heri asomaye angali kazini, kwa kuwa alilolisoma usiku aweza kulijaribu asubuhi.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo penye hatari. Mtu mzima akianza kusoma, siku haiongezwi saa. Saa za masomo lazima zitoke mahali. Ama ni za usingizi wake, ama ni za mumewe au mkewe, ama ni za watoto wa darasa lake, ama ni za mgonjwa aketiye bencini akingoja kuitwa. Na ada nayo hutoka katika mfuko ule ule wa chakula na sare za shule. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema wahenga. Asomaye huona uzito wa vitabu vyake, asione uzito wa walioachiwa kazi zake.

Basi swali letu lageuka. Samaki mkavu aweza kukunjika, tumeona. Lakini ni nani alipaye gharama ya kukunjika kwake, na je, ameulizwa? Ajifunzaye hesabu au lugha aweza kuwaacha watu wake na bado akaijua elimu ile. Lakini ajifunzaye uongozi, akiwaacha anaowaongoza ili apate shahada ya kuongoza, amelikana somo lake kabla ya mtihani.

Yampasa nini, basi? Kwanza, aseme wazi nyumbani na kazini kwamba anasoma, na kwa muda gani. Pili, asiibe saa za kazi. Akihitaji ruhusa, aiombe. Tatu, alichojifunza akigawe mapema, asingoje mahafali. Ajuaye sasa kuandika taarifa ya fedha amfundishe na mwenzake.

Nasi tulio karibu naye tuna wajibu wetu. Mara nyingi mume husomea barazani, na chai huletwa. Mke husomea jikoni, vyombo vikiisha kuoshwa. Wote wawili hufanya mtihani ule ule. Mume apendaye haki na aoshe vyombo. Na mkubwa wa kazi asimwonee wivu mdogo wake asomaye, akimzidishia zamu siku za mitihani.

Wewe uliye na nia ya kuandikisha jina lako mwaka huu, kabla ya kulipa ada keti na watu wako, uwaeleze gharama yote, ya fedha na ya saa, nawe usikilize watakalojibu. Wakikubali kuuchukua mzigo huo pamoja nawe, soma kwa bidii, na siku utakapovikwa joho uwakumbuke kwa majina.