Nyani, Kundule na Macho ya Mwenziwe

Nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe. Methali hii hutumika zaidi kumkanya anayechambua aibu za watu na kuzisahau zake. Lakini imebeba pia swali zito la kifalsafa: je, anayetazama na kinachotazamwa vimetengana tangu asili?

Nyani wa Baboon Cliff, katika Mbuga ya Ziwa Nakuru, huliona ziwa lote kutoka mwambani. Macho yake hayana kasoro. Kundule halioni kwa sababu ya mahali macho yalipo. Tena jike anapokaribia siku za kushika mimba, matako yake huvimba na kuwa mekundu, na madume huitambua dalili hiyo kwa mbali. Habari iko mwilini mwake, ila wanaoisoma ni wengine.

Mwaka 1972 mtafiti Mmarekani, Shirley Strum, alifika ranchi ya Kekopey, karibu na Gilgil, kuchunguza kundi la nyani lililoitwa Pumphouse. Wataalamu waliomtangulia walikuwa wameieleza jamii ya nyani kuwa milki ya madume yenye nguvu. Strum alishuka garini, akatembea kati yao, akakaa nao miaka mingi. Akaona majike na koo zao ndio nguzo ya kundi, na dume mgeni hupata nafasi kwa kujenga urafiki kuliko kwa meno.

Naye alikuwa akitazamwa. Nyani walimpima kwanza, wakamzoea, ndipo maisha yao yakamfungukia. Mashamba yalipoenea Kekopey na nyani wakaanza kula mazao, Strum aliyahamishia makundi matatu Laikipia mwaka 1984. Mtazamaji akawa sehemu ya historia ya aliowatazama.

Hivyo methali haiukani mpaka kati ya mwenye kuona na kinachoonwa: kila jicho lina mahali pake, na kila mahali pana upande uliofichika. Inachokataa ni kuufanya mpaka huo ukuta wa maumbile. Kundu nisiloliona mimi, mwenzangu analiona. Nami naliona lake. Kila mmoja ni mtazamaji na mtazamwa kwa wakati mmoja.

Nakuru inaijua gharama ya kulisahau hilo. Januari 2008, majirani walishambuliana Nakuru na Naivasha kufuatia uchaguzi wa Desemba 2007. Kila upande ulijua vyema majeraha yake na makosa ya wengine. Tume ya Jaji Philip Waki, iliyochunguza ghasia hizo mwaka huohuo, ilisikiliza waathiriwa wa jamii mbalimbali. Ushahidi ulipowekwa pamoja, jamii iliyoumizwa mahali pamoja ilionekana pengine ikiumiza, jambo ambalo simulizi ya upande mmoja, hata ikiwa ya kweli, isingeweza kulionyesha.