Dola Moja kwa Ukurasa

Mtu aandikaye mambo ya chumbani kwa malipo, auza nini hasa? Tumtazame Anaïs Nin, mzaliwa wa Ufaransa. Katika miaka ya 1940, huko New York, yeye na rafiki zake waandishi walikuwa na shida ya fedha. Tajiri mmoja asiyejitaja jina akawalipa dola moja kwa kila ukurasa wa hadithi za namna hiyo, ila akaagiza ushairi uondolewe, ubaki mwili tu.

Nin aliandika, maana madeni hayangoji. (Sisi tuliosahihisha insha miaka mingi twalijua agizo kama hilo: ni kumwambia mtoto aeleze harusi pasipo kumtaja bibi arusi.) Lakini alimtungia tajiri yule barua ya hasira, kwamba tendo lisilo na hisia wala maneno ya wapendanao huchosha.

Wengi wetu twamlaumu mwandishi peke yake. Si haki. Yeye alijua kilichokatwa, akakisikitikia. Mnunuzi hakutaka hata kukiona. Hadithi hizo zilitolewa kitabuni mwaka 1977, mwaka aliofariki. Hatuwapi vijana wetu kitabu hicho, lakini ushairi uliokatazwa bado waonekana humo, hapa na pale.