Wastani Hauchoki

Je, kazi iliyogawanywa sawa kwenye karatasi imegawanywa kwa haki?

Henry Ford alipoanzisha mstari unaosogea wa kuunganisha magari kule Highland Park, Marekani, mwaka 1913, swali hili halikusumbua sana. Magari yote yalikuwa Model T, na kila fundi alirudia kazi ileile. Leo viwanda vingi hupitisha magari ya aina tofauti kwenye mstari mmoja, na hapo ndipo mambo huanza.

Chukua mfano. Mstari unampa fundi dakika 6 kwa kila gari. Pikapu ya kawaida inamla dakika 4, ile ya milango minne dakika 8. Zikija nusu kwa nusu, wastani ni 6, na meneja analala vizuri. Sasa zilete tano za milango minne mfululizo. Fundi amebaki nyuma dakika 10, jasho linamtoka, na mstari haumngoji. Hesabu haikudanganya. Ila wastani hauchoki, anayechoka ni mtu.

Utasema: si atapumzika pikapu nyepesi zikija? Bana, dakika za kukaa bure haziwekwi akiba. Mgongo ulioumia saa nne hauponi kwa sababu saa nane kulikuwa shwari. Ndiyo maana Toyota walijifunza kuchanganya: nzito, nyepesi, nzito, nyepesi.

Mpakani Busia hali ni hiyohiyo. Kwenye dirisha la uhamiaji, lori huleta dereva na pengine taniboi wake. Basi la Nairobi kwenda Kampala huleta watu hamsini, na usiku mabasi hufuatana. Ripoti ya mwezi inaweza kuonyesha foleni ya kawaida kabisa, huku mama mwenye mtoto mgongoni amesimama hadi miguu ikafa ganzi.

Tofauti ni moja. Mpakani hakuna aliyepanga mabasi yafike pamoja, kwa hiyo haki inadai dirisha la pili lifunguliwe. Kiwandani kuna mtu aliyeandika orodha asubuhi, akaamua nini kifuate nini. Huyo hawezi kujificha nyuma ya wastani. Alipopanga magari, alipanga pia uchovu wa mtu.

Basi siku ukiambiwa kazini kwamba mmegawana sawa, kubali hesabu, kisha omba kuiona orodha.